Je, wajua? Kompyuta ya kiganjani na waya wake wa kuigiza

Oktoba 2002 kampuni ya Palm ya Marekani iliingiza sokoni kompyuta ya kiganjani iliyoitwa Tungsten T. Ilitosha kwenye mfuko wa shati. Kioo chake kilikuwa cha rangi, chenye nukta 320 kwa 320. Prosesa ilikwenda kwa megahezi 144. Kumbukumbu ilikuwa megabaiti 16. Bei dola 499. Ukiivuta, sehemu ya chini iliteleza na kufunua uwanja wa kuandikia kwa kalamu. Kijana wa leo angeicheka, maana haikupiga simu wala picha. Lakini ndani yake mlikuwa na kitu ambacho Palm haikuwahi kukijenga ndani ya mashine yake yoyote kabla ya hapo: redio ya Bluetooth.

Redio hiyo ingeweza kuongea na simu ya mkononi ili kuingia intaneti, na wako walioitumia hivyo. Wengine waliitaka kwa jambo jingine, yaani kusawazisha. Mwenye mashine ana kalenda, majina na namba za simu, orodha ya shughuli na maandishi mafupi, vyote vikiwa mahali pawili. Asubuhi katibu wake anaongeza kikao kwenye kompyuta ya mezani ofisini. Mchana yeye mwenyewe, akiwa safarini, anabadili namba ya mteja kwenye kiganja, yaani ile mashine ya kiganjani. Jioni vifaa hivyo viwili vinatakiwa vikubaliane, kisipotee kitu wala kisijirudie kitu.

Wasimuliaji wengi wa kisa hiki hushangazwa na kwamba mambo hayo yalipita hewani. Mimi naona hewa ndiyo sehemu nyepesi. Akili ya mashine hii ilikuwa katika uwekaji wa hesabu, na hesabu hizo zilikuwa tayari zimepangwa miaka sita kabla ya Tungsten T, wakati hapakuwa na redio yoyote bali waya mnene na kitufe kimoja.

Jeff Hawkins alianzisha Palm mwaka 1992. Mashine ya kwanza aliyoshiriki kuiunda, Zoomer ya mwaka 1993, haikuuzika. Ilikuwa nzito, ya polepole, na ilijaribu kufanya kila kitu. Alipoanza upya alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa wa mashine aliyoifikiria, akawa anatembea nacho mfukoni. Akiulizwa kama ana nafasi siku fulani, anakitoa na kujifanya anaandika juu yake. Wenzake walimwona kichekesho. Kilichotoka katika mchezo huo ni Pilot 1000 na Pilot 5000, zilizotolewa mwaka 1996, zikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 na 512, na kuendeshwa na betri mbili ndogo za AAA.

Uamuzi mzito wa Hawkins na timu yake haukuwa ukubwa wa mbao. Waliamua kwamba mashine ya kiganjani isiwe kompyuta inayojitegemea, bali tawi la ile ya mezani. Washindani waliuza waya na programu za kuunganisha kama nyongeza, kwa bei yake. Palm walitia kikalio chenye waya ndani ya boksi. Unaiweka mashine juu ya kikalio, unabonyeza kitufe kimoja, unasikia mlio mfupi wa kupanda. Baada ya muda mlio mwingine unakwambia kazi imekwisha. Shughuli hiyo waliiita HotSync. Hapakuwa na menyu ya kuchagua faili wala swali la kujibu.

Na palikuwa na sababu ya pili, ambayo matangazo hayakuisema kwa sauti kubwa. Katika mashine hizo za mwanzo kila kitu ulichoandika kilikaa katika kumbukumbu ya RAM, ile inayohitaji umeme wakati wote. Betri zikiisha kabisa, kalenda yako yote imekwenda. Hata wakati wa kubadili betri ulipewa kama dakika moja tu uweke mpya. Aliyesahau mashine yake kwenye droo kwa muda mrefu aliikuta tupu, ikimwomba aweke tarehe kama vile ndiyo imetoka dukani. Aliyekuwa na mazoea ya kubonyeza kitufe cha kikalio aliirudisha hapo, akabonyeza, na baada ya muda majina yote yakarudi. Kusawazisha kulikuwa pia kufufua.

Sasa tuingie kwenye hesabu zenyewe.

Katika Palm, kila jina, kila miadi, kila mstari wa orodha ya shughuli ni rekodi. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho ya baiti tatu, ambayo haibadiliki hata ukibadili jina, simu na anwani. Pembeni ya namba hiyo pana baiti moja ya sifa, yaani biti nane. Nne kati ya hizo zinasema rekodi iko kundi gani, na ndiyo sababu Palm iliruhusu makundi 16 tu. Moja inasema rekodi ni ya siri. Moja inasema inatumika kwa sasa. Moja inasema imefutwa. Na moja, ambayo ndiyo moyo wa mambo yote, inasema rekodi hii imeguswa tangu mara ya mwisho tuliposawazisha. Waandika programu waliiita biti chafu.

Inafanana na muuza duka anayetia alama ya kalamu ya risasi pembeni mwa kila mstari alioubadilisha katika daftari la mikopo, ili mwenye duka akija jioni asome mistari yenye alama tu. Palm ilifanya hivyo hivyo. Ukigusa rekodi, biti inawaka. Ukisawazisha, kompyuta ya mezani inaomba zile zilizowaka peke yake, inazichukua, inatuma za kwake zilizobadilika, kisha biti zote zinazimwa. Mtu mwenye majina elfu mbili aliyebadili matatu alisafirisha matatu.

Kufuta nako kuna ujanja wake. Ukifuta rekodi na kuiondoa moja kwa moja, kompyuta ya mezani haitajua kama uliifuta au kama hukuwahi kuwa nayo. Ikiwa haijui, itakurudishia kwa nia njema jina la mtu uliyekwisha kumuondoa. Kwa hiyo mashine iliachia yaliyomo, lakini ilibakiza namba ya utambulisho na biti ya kufutwa ikiwa imewaka, hadi kusawazisha kutakapofuata. Habari za kifo zilipelekwa kwanza, ndipo jina likafutika kweli.

Itakuwaje basi rekodi moja ikibadilishwa pande zote mbili? Jibu la haraka ambalo mtu yeyote angelitoa ni kutazama saa: aliyebadili mwisho ndiye mwenye haki. Palm hawakuifuata njia hiyo, na walifanya vyema. Saa ya kiganjani na saa ya mezani si saa moja. Moja inaweza kuwa nyuma dakika kumi. Nyingine imesafirishwa kwenda nchi yenye majira tofauti. Au betri zake ziliisha juzi. Mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alichapisha makala ambayo bado inasomwa vyuoni, akionyesha kwamba katika mfumo wa mashine nyingi huwezi kutegemea saa za ukutani kujua lipi lilitangulia. Kanuni ya Palm ilikuwa nyepesi zaidi kuliko hesabu za Lamport: kama pande zote mbili zimebadilika kwa namna tofauti, weka nakala zote mbili, mwambie mwenyewe, aamue. Kama upande mmoja umefuta na mwingine umebadilisha, mabadiliko yanashinda na rekodi inabaki.

Watu waliichukia kanuni hiyo. Mtu mmoja aliyeonekana mara mbili katika orodha ya simu ni kero. Lakini huduma nyingi za leo zinazohifadhi mambo yetu mbali huchagua toleo moja kimyakimya na kulitupa lingine, na hutajua hadi siku utakapolitafuta. Kati ya mashine inayonisumbua na mashine inayoniamulia, naichagua inayosumbua.

Mpango huu wa biti chafu una udhaifu mmoja, nao hujitokeza pale mtu anapokuwa na kompyuta mbili za mezani, ya kazini na ya nyumbani. Ukisawazisha kazini, biti zote zinazimwa. Ukifika nyumbani kompyuta ya huko inaona rekodi zote ni safi, ilhali kwake si safi hata kidogo. Palm walilijua hilo. Mashine ya kiganjani ilikumbuka namba ya kompyuta iliyosawazisha nayo mara ya mwisho. Ikikutana na ileile, inakwenda njia ya haraka. Ikikutana na nyingine, haiziamini biti. Inapita njia ya polepole, ambapo kila rekodi inalinganishwa na nakala ambayo kompyuta hiyo iliihifadhi mara ya mwisho walipokutana. Hapo ndipo mtu aliposimama kusubiri na kujiuliza kwa nini jana ilichukua sekunde chache na leo dakika nzima.

Upande wa kompyuta ya mezani kila aina ya data ilikuwa na programu yake ndogo ya kuipitisha, tuiite mfereji. Mfereji wa kalenda, mfereji wa majina, mfereji wa maandishi. Palm waliacha mlango wazi ili kampuni nyingine ziandike mifereji yao, na ndiyo maana mashine hiyo iliweza kupatana na Outlook, na baadaye na programu za fomu za utafiti. Nitarudi huko.

Mazungumzo yenyewe, enzi za waya, yalipita kwenye porti ya siriali, ile ya pini tisa iliyokuwa nyuma ya kompyuta nyingi. Kiganjani ndiko kulikoanza kuita, kwa mwendo wa chini wa biti 9,600 kwa sekunde ambao kila kompyuta ingeuelewa. Mezani ikiitika, wanakubaliana mwendo wa juu zaidi na kuendelea. Porti hiyo inafuata kanuni za RS-232, zilizotolewa Marekani mwaka 1960 kwa ajili ya kuunganisha modemu na mashine za kuchapa kwa mbali. Ushike mwaka huo.

Njia ya kwanza isiyo na waya haikuwa redio bali mwanga. Palm III ya mwaka 1998 ilikuwa na kidirisha cheusi kichwani, ndani yake taa ndogo ya mionzi ya infraredi, ile inayotumiwa pia na rimoti ya televisheni. Watu waliokutana mikutanoni walielekezeana mashine na kutumiana kadi za biashara. Wenye kompyuta za mapajani zenye kidirisha cha namna hiyo waliweza kusawazisha bila kikalio, mradi vifaa vielekeane, visiachane zaidi ya kama mita moja, na mtu asipitishe kikombe cha chai katikati.

Mwanga huo ulibeba biti 115,200 kwa sekunde. Kwa kuwa kila baiti husafiri na biti mbili za ziada, moja ya kuanza na moja ya kumaliza, hiyo ni baiti 11,520 kwa sekunde. Megabaiti 16 za Tungsten T, kama zingekuwa zimejaa na kutumwa zote, zingechukua kama dakika 24. Lakini rekodi kumi zilizobadilika siku hiyo, tuseme baiti 200 kila moja, ni chini ya sekunde moja. Hapo ndipo unapoona kwa nini nasema ajabu iko kwenye ile biti moja. Bila biti chafu, hakuna mtu angevumilia kushika mashine mbele ya kidirisha kwa dakika 24 kila jioni.

Bluetooth ilitatua tatizo la kuelekezana. Kazi yake ilianzia kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden, mwaka 1994, kwa lengo la kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba waliunda umoja wa kuisimamia. Redio yake inatumia masafa ya gigahezi 2.4, yaliyo huru kwa kila mtu na kwa hiyo yamejaa kila kitu, ikiwemo kelele za oveni za maikrowevu. Ili isizibwe, inagawanya uwanja huo katika njia 79 na kuruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio ambao vifaa viwili vilivyounganishwa vinaujua. Njia moja ikiwa na kelele, pakiti inayofuata itakuwa kwingine. Redio ndogo ya kiganjani ilifika kama mita kumi, na kuta za kawaida hazikuizuia kabisa.

Sasa ungetarajia kwamba redio ya kisasa namna hiyo ilikuja na lugha mpya ya kusawazisha. Haikuja nayo. Walioandika kanuni za Bluetooth walijua kwamba dunia imejaa programu zinazozijua porti za siriali na hazijui kitu kingine. Wakaongeza tabaka liitwalo RFCOMM, ambalo kazi yake ni kujifanya waya wa RS-232. Linaigiza hadi zile saketi tisa, pamoja na zile zisizobeba data bali kusema “niko tayari” na “unaweza kutuma”. Programu ya HotSync kwenye kompyuta ya mezani haikujua kwamba kuna redio. Ilidhani mtu amechomeka waya nyuma ya mashine. Chombo cha mwaka 2002 kilichoruka mara 1,600 kwa sekunde kilikuwa kinaigiza waya wa mwaka 1960.

Uigizaji huo ulikuwa na gharama, na mwenye mashine ndiye aliyeilipa. Kwanza, kompyuta nyingi za mezani za wakati ule hazikuwa na Bluetooth. Ulinunua kipande cha kuchomeka kwenye USB, nacho kilikuja na programu yake, kila mtengenezaji kwa namna yake. Windows XP ilipata Bluetooth ya kwake kwa Service Pack 2, mwaka 2004. Kisha ulivijulisha vifaa viwili: kimoja kinatafuta, kingine kinajitokeza, unaandika namba ya siri ileile pande zote mbili, na kutokana nayo vinatengeneza ufunguo wa biti 128 vitakaoutumia siku zote. Watu wengi waliandika 0000, jambo lililofanya ufunguo huo mrefu uwe na thamani ya kitasa cha mbao.

Baada ya hapo Windows ilitoa namba ya porti ya kuigiza: COM4, COM5, COM8, yoyote iliyokuwa wazi. Ilikupasa uende kwenye programu ya HotSync na kuiambia isikilize porti hiyo hasa. Mara nyingi zilitolewa mbili, moja ya simu zinazoingia na moja ya zinazotoka, na bila kiganja kuitana na ile inayoingia hakuna kilichotokea. Kiganja kilisema kinaunganisha, kikasema bado kinaunganisha, kikakata tamaa. Kitufe kimoja cha Hawkins kilikuwa kimegeuka kurasa tano za mipangilio. Wengi walijaribu, wakafanikiwa mara moja, wakafurahi, na siku ya pili wakarudi kwenye kikalio, ambacho pia kilichaji betri. Siwalaumu. Kwa hesabu ya mwendo kikalio cha USB kilikuwa na kasi zaidi pia.

Mahali ambapo kusawazisha bila waya kuliacha alama kubwa palikuwa mbali na ofisi za Marekani. Mwaka 2003 nchini Uganda ulianza mtandao wa habari za afya ulioendeshwa na shirika la Satellife pamoja na Uganda Chartered HealthNet na kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Makerere, kwa msaada wa shirika la IDRC la Kanada. Wahudumu wa afya katika wilaya kama Rakai na Mbale walipewa kompyuta za kiganjani badala ya fomu za karatasi. Kwenye kituo kiliwekwa kisanduku chenye betri yake, chenye kidirisha cha infraredi upande mmoja na moyo wa simu ya mkononi upande wa pili. Mhudumu alikielekezea kiganja chake. Takwimu zake zikaingia kisandukuni. Miongozo ya tiba na ujumbe uliomsubiri vikaingia kiganjani. Kisanduku kikapeleka mzigo wake Kampala kwa mtandao wa simu. Hakuna kompyuta ya mezani kijijini, hakuna umeme wa kuiendesha, na kusawazisha kunafanyika.

Mwaka uliofuata watafiti waliokuwa wakifanya kazi na kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walitembelea zaidi ya kaya 20,000 katika mikoa ya Lindi na Mtwara nchini Tanzania, wadadisi wakijaza majibu moja kwa moja kwenye kompyuta za kiganjani. Data ilihamishiwa kwenye kompyuta ya mapajani huko huko kambini. Angalia jinsi kusawazisha kulivyobadilika sura hapa: si mtu mmoja na kalenda yake tena, ni viganja vingi vinavyomimina katika kompyuta moja, kila kimoja na rekodi ambazo hakuna mwingine anazo. Mgongano wa nakala mbili unakaribia kutoweka. Swali linalobaki ni la kuhesabu: je, kila fomu iliyojazwa leo imefika, na imefika mara moja tu? Wazo lile lile la namba ya utambulisho isiyobadilika, lililotumika kwa orodha ya simu ya meneja, linajibu swali hilo pia.

Palm yenyewe ilizidiwa na simu janja. HP iliinunua mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2, na mashine zenye jina hilo zikakoma muda si mrefu. Oktoba 2011 Apple ilitoa iOS 5, iliyoruhusu iPhone kusawazisha na kompyuta kwa Wi-Fi, na pamoja nayo ikaja iCloud, ambayo iliifanya kompyuta ya mezani isiwe makao makuu tena.

Lakini waya wa kuigiza haukufa. Printa ndogo za risiti zinazoning'inizwa kiunoni, vifaa vya mafundi vya kusoma hitilafu za magari, vipimo vingi vya maabara: idadi kubwa bado inapita kwenye RFCOMM, ikijifanya siriali. Oanisha kimoja na Windows leo, fungua mipangilio ya Bluetooth, nenda kwenye orodha ya porti. Utakuta namba mbili za COM, moja ya kuingia na moja ya kutoka, na ukichagua isiyo sahihi printa haitatoa kitu.